Kujifungulia nyumbani au hospitali: Uholanzi, Uingereza, Marekani, Kenya na Tanzania bega kwa bega

Mjamzito wa Uholanzi akifikisha wiki ya 37 huambiwa anyanyue kitanda. Kikiwa kifupi, hukodi vyuma vya kukiinua mpaka kifike kimo cha kiuno, ili mkunga na muuguzi watakaokuja wasiumie mgongo kwa kuinama. Kampuni yake ya bima imeshamtumia sanduku lenye pamba, pedi, mpira wa kutandika na kibana kitovu. Hata aliyepanga kwenda hospitali hunyanyua kitanda, maana mambo yakienda sawa atarudi kwake saa chache baada ya kujifungua, na muuguzi atamfuata huko huko.

Mjamzito wa Tanzania naye ana orodha yake, ila ya kwake ni ya kubeba: glovu, mpira, pamba, nyembe, uzi au kibana kitovu, beseni, kanga za kutosha, na pengine mabomba ya sindano na dripu. Kisera huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini mama mtu mzima yeyote atakwambia usithubutu kutoka mikono mitupu.

Orodha hizo mbili zinajibu nusu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara, kwamba mbona Wazungu wanazalia nyumbani na sisi tunakatazwa? Uholanzi vifaa na wataalamu ndio wanaomfuata mama nyumbani kwake. Tanzania mama ndiye anayevifuata vifaa na wataalamu, tena vingine akavinunua mwenyewe. Huko na huku mtu anasema "nimejifungulia nyumbani", lakini yaliyomo ndani ya nyumba hizo mbili ni tofauti kabisa. Kwa hiyo nitalinganisha kwa maswali manne: nani anakuja, ikitokea dharura unafikaje penye chumba cha upasuaji, nani analipa, na nani anabaki nawe mtoto akishazaliwa. Mwishoni nitasema ningemshauri nini ndugu yangu aliye ughaibuni na ndugu yangu aliye hapa nyumbani.

Nani anakuja, na ana nini mkobani

Uholanzi mkunga husomea ukunga moja kwa moja kwa miaka minne, bila kuanzia kwenye uuguzi. Mjamzito asiye na tatizo anaweza kumaliza mimba yake yote bila kuonana na daktari bingwa wa uzazi hata mara moja. Wanawake wengi wa kwetu wakifika huko hudhani wamebaguliwa: "Mbona wananipa nesi tu, daktari yuko wapi?" Hujabaguliwa. Hata Mholanzi mwenye cheo ndivyo anavyohudumiwa, na daktari bingwa huingia pale mkunga anapoandika rufaa. Mkobani mkunga ana sindano ya oksitosini ya kuzuia damu, dripu, kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na vya kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kulia. Asichokuwa nacho ni sindano ya mgongo ya kuondoa maumivu. Ukiitaka hiyo, safari ya hospitali inaanza.

Uingereza wakunga wanaokuja nyumbani ni waajiriwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, na kwa kawaida mtoto akikaribia kutoka wanakuwa wawili. Huja na gesi ya kuvuta ya kupunguza maumivu, na mama akitaka hukodi bwawa la kujaza maji sebuleni. Kasoro yake haiandikwi kwenye vipeperushi: wakunga ni wachache, na katika baadhi ya maeneo huduma ya nyumbani husitishwa usiku ule ule ulioupigia simu, ukaambiwa uje hospitali. Anayechagua nyumbani Uingereza awe tayari moyoni kwa jibu hilo. Jambo lingine la kujua ni kwamba kwa sheria ya kule, asiye mkunga wala daktari haruhusiwi kuzalisha isipokuwa kwa dharura. Bibi yako aliyezalisha nusu ya kijiji, akija kukutembelea Leicester, ashike mkono wako tu.

Ujerumani wameigeuza kwa namna ninayoipenda: sheria inataka mkunga awepo katika kila uzazi. Daktari hazalishi bila mkunga, dharura ikiwekwa kando, lakini mkunga anaweza kuzalisha mimba isiyo na tatizo bila daktari.

Marekani ndiko mtu anaweza kupotea. Anayeitwa mkunga kule anaweza kuwa mtu wa aina tatu au nne. Yuko muuguzi mkunga mwenye shahada ya uzamili, anayetambuliwa majimbo yote, na wengi wao wanafanya kazi hospitalini. Yuko mkunga aliyefunzwa hasa kuzalisha nje ya hospitali, ambaye majimbo mengi humpa leseni lakini si yote. Na yuko asiye na leseni yoyote, ambaye katika baadhi ya majimbo kazi yake ni kosa la jinai. Wote watatu wanaweza kuwa na tovuti nzuri na picha za watoto waliofungwa vitambaa vya maua. Swali la kwanza kumuuliza ni namba ya leseni, la pili ni hospitali gani inampokea mgonjwa wake bila ugomvi.

Jirani yao Kanada, jimboni Ontario, mambo yamepangika zaidi. Ukunga umewekwa chini ya sheria tangu mwaka 1994, mkunga hulipwa na serikali ya jimbo, na mkazi wa Ontario ambaye kadi yake ya bima haijatoka bado anaweza kuhudumiwa na mkunga bure. Kwa aliyefika juzi akiwa na mimba ya miezi sita, hiyo ni habari njema.

Kwetu, anayekuja nyumbani ni mkunga wa jadi. Kwa miaka ya 1970 na 1980 serikali nyingi za Afrika, zikiungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, ziliwafunza wakunga hao na kuwapa mikoba yenye wembe na sabuni. Kuanzia miaka ya 1990 mwelekeo ukabadilika, kwa kuwa vifo vya wazazi havikupungua kama ilivyotarajiwa. Leo Kenya na Tanzania kazi anayopewa mkunga wa jadi ni kumshawishi mjamzito ahudhurie kliniki na kumsindikiza kituoni. Mimi siwadharau hata kidogo. Wana mikono, wana subira, na wanajua kuongea na mwanamke aliye kwenye uchungu kuliko manesi wengi. Hawana oksitosini, hawana damu ya kuongeza, na hawana pa kumpasulia mama ambaye mtoto amegoma kushuka. Baadhi huongeza dawa za mitishamba za "kuleta uchungu", na hapo hatari huwa kubwa zaidi, kwa sababu hakuna anayeweza kupima nguvu ya mizizi iliyochemshwa, na kizazi kinaweza kuchanika.

Hesabu za usalama, na zinamhusu nani

Utafiti unaonukuliwa zaidi ni wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011. Uliwafuatilia wanawake 64,538 wenye mimba zisizo na tatizo. Kwa waliokuwa wameshazaa, kupanga kujifungulia nyumbani hakukuongeza hatari kwa mtoto. Kwa mimba ya kwanza picha ilikuwa nyingine: watoto waliopata madhara makubwa au kufariki walikuwa 9.3 kwa kila 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 kwa kila 1,000 katika wodi zenye madaktari. Tena 45% ya wenye mimba ya kwanza waliopanga nyumbani walihamishwa hospitali, wengine katikati ya uchungu na wengine baada ya kujifungua. Kwa waliokwisha kuzaa, waliohamishwa walikuwa 12%.

Mtu akinipa namba hizo mbili tu, 45 na 12, tayari najua la kumwambia mwenye mimba ya kwanza. Karibu nusu ya wanaoanza nyumbani wanaishia ndani ya gari. Mwaka 2014 taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza iliagiza wanawake waambiwe hivyo hivyo: aliyekwisha kuzaa bila shida, nyumbani au kituo cha wakunga panamfaa sana; mwenye mimba ya kwanza, kituo cha wakunga kinamfaa, na aelezwe wazi kuhusu nyumbani.

Kituo cha wakunga hapa nakizungumzia kwa uzito, maana watu hukisahau. Ni chumba au jengo linaloendeshwa na wakunga pekee, mara nyingi ndani ya uzio wa hospitali. Taa hafifu, kitanda cha kawaida, maji ya moto, hakuna mashine zinazolia. Tatizo likitokea, mama husukumwa kwenye korido hadi wodi ya madaktari, haiitwi ambulansi. Katika utafiti ule, vituo hivyo havikuwa na hatari zaidi kwa mtoto hata kwa mimba ya kwanza.

Uholanzi walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa wanawake 529,688 na hawakukuta tofauti ya vifo vya watoto kati ya waliopanga nyumbani na waliopanga hospitali chini ya wakunga. Upande wa pili, chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kinasema kuzaa nyumbani nchini mwao kunaongeza zaidi ya mara mbili uwezekano wa mtoto kufariki, ingawa idadi yenyewe ni ndogo, 1 hadi 2 kwa kila 1,000. Miili ya wanawake wa nchi hizo haijatofautiana kiasi hicho. Tofauti iko kwenye kamba inayomfunga mkunga na hospitali. Amsterdam mkunga akipiga simu, hospitali inamjua, faili linaonekana, na hakuna atakayemfokea. Marekani mkunga wa nyumbani mara nyingi yuko nje ya mfumo, na mama anafika mapokezi kama mgeni aliyeokotwa barabarani.

Hesabu zote hizo, kumbuka, ni za wanawake waliochujwa kwanza: mtoto mmoja, ametanguliza kichwa, mimba imetimia, hakuna presha, hakuna kisukari, hakuna kovu la upasuaji. Mwenye selimundu, mwenye VVU ambaye mtoto anahitaji dawa mapema, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa damu nyingi, aliyewahi kupasuliwa: huyo mkunga mzuri wa Uholanzi mwenyewe atamwambia aende hospitali. Anayekubali kila mtu mkimbie.

Hata Uholanzi kwenyewe desturi inapungua. Katika miaka ya 1960 watoto wawili kati ya watatu walizaliwa nyumbani. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa karibu 30%, na siku hizi ni takriban 15%. Wengi wanaifuata sindano ya mgongo. England na Wales ni karibu 2%, Marekani ni chini kidogo ya hapo ila inapanda tangu janga la korona. Anayedhani Ulaya nzima inazalia sebuleni amedanganywa na video.

Damu haisubiri

Kwa Afrika Mashariki, jambo linaloamua ni damu. Mama akitokwa damu baada ya kujifungua na isizuiwe, anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kondo la nyuma limegoma, au kizazi kimelegea, na mkunga wa jadi anaweka kitambaa na kuomba dua huku kijana katumwa kutafuta bodaboda.

Uholanzi mpango wa taifa unalenga kumfikisha mgonjwa wa ambulansi hospitali ndani ya dakika 45 tangu simu ipigwe. Nchi ni ndogo na barabara ni laini. Tanzania kuna m-mama, mpango ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa umeenea mikoa yote. Unapiga 115 bure. Asiyekuwa na ambulansi jirani hutumiwa dereva wa gari la mtaani aliyesajiliwa, na nauli hulipwa na mpango kwa simu. Ni wazo zuri kuliko mengi yaliyowahi kuletwa. Lakini gari hilo nalo linapita barabara ile ile ya masika, na katika vijiji vingine hakuna njia ya gari hata kidogo.

Takwimu za kitaifa za Tanzania zinaonyesha waliojifungulia vituoni walipanda kutoka 63% katika utafiti wa 2015/16 hadi 81% mwaka 2022, na makadirio ya vifo vya wazazi yakashuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya namna hii huwa na pengo pana la makosa, ila mwelekeo wake unaonekana. Kenya inatoa funzo jingine. Mwaka 2014 waliojifungulia vituoni walikuwa 61%, na mwaka 2022 walikuwa wamepita 80%. Hata hivyo sensa ya 2019 ilihesabu vifo 355 kwa kila vizazi hai 100,000, karibu sawa na 362 vya utafiti wa 2014. Kuingia mlango wa hospitali hakukutosha. Kulihitajika mtu wa kukutazama ukishaingia.

Ushahidi wa hilo ulipatikana mwaka 2023, katika jaribio lililofanyika kwenye hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Manesi walipewa karatasi ya plastiki ya kukingia damu yenye alama za vipimo, wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mkupuo mara damu inapofika mstari fulani, badala ya kukisia kwa macho na kujaribu dawa moja moja. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa 60%. Kwa hiyo unapokwenda kuulizia hospitali ya kujifungulia, usishangae tu vigae na mapazia. Uliza kama wana damu benki, kama chumba cha upasuaji kinafanya kazi usiku na Jumapili, na mtaalamu wa dawa ya usingizi analala wapi.

Pesa

Uholanzi, anayejifungulia nyumbani halipii mkunga chochote cha ziada. Anayetaka hospitali bila sababu ya kitabibu ndiye anayechangia mamia ya yuro kutoka mfukoni, isipokuwa bima yake ya nyongeza imfidie. Yaani bei yenyewe inakusukuma kubaki nyumbani.

Marekani ni kinyume. Hesabu za taasisi ya KFF za mwaka 2022 zilionyesha gharama za mimba, kujifungua na matunzo ya baadaye kwa mwenye bima ya kazini zikikaribia dola 19,000, na karibu dola 2,900 kati ya hizo zikitoka kwa familia yenyewe. Bima nyingi hazimlipi mkunga wa nyumbani, kwa hiyo wanaomchagua ama wana pesa taslimu ama wamekimbia bili. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia karibu wanne kati ya kila watoto kumi wanaozaliwa, na asiye na karatasi anaweza kupata Medicaid ya dharura kwa siku ya kujifungua. Hospitali yenye idara ya dharura haiwezi kukufukuza ukiwa kwenye uchungu. Sheria ya 1986 inalazimisha.

Uingereza ukiwa mkazi au umelipia ada ya afya kwenye viza, hulipi. Ukiwa mgeni asiyestahili, utahudumiwa bila kucheleweshwa, ila bili itakuja baadaye ikiwa ni 150% ya gharama. Wapo dada zetu waliokwepa kliniki kwa kuogopa bili hiyo. Nawasihi waende: deni hujadiliwa na kulipwa kidogo kidogo, lakini kifafa cha mimba hakijadiliki.

Kenya huduma ya bure ya uzazi ilitangazwa Juni 2013, ikapitia mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 mambo yote yako SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa. Zamani ulifika na kitambulisho na tumbo lako. Sasa jisajili na uhakikishe michango iko hai miezi kadhaa kabla, usingoje chupa ivunjike ndipo uanze kuhangaika na simu. Tanzania, hesabu vifaa, nauli, na chakula cha anayekusindikiza. Familia nyingi huchukua mahali pa kulala kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki mbili kabla, na mahali pengine kuna chigonela, nyumba ya kusubiri ndani ya eneo la hospitali. Si hoteli, lakini kwa anayekaa kilomita 40 ni jambo la maana.

Mtoto akishazaliwa

Hapa ndipo Mholanzi na Mswahili wa pwani wanapokutana bila kujuana.

Uholanzi baada ya kujifungua huja muuguzi wa uzazi, huduma wanayoiita kraamzorg. Kwa kawaida anakaa siku nane, saa kadhaa kila siku. Anapima joto la mama, anatazama mshono, anafundisha kunyonyesha, anamwogesha mtoto, anapika, anafua, anafungua mlango kwa wageni na kuwafunga midomo wakizidi kukaa. Bima inalipa, mama anachangia takriban yuro tano kwa saa. Mkunga naye anapita. Wageni hupewa biskuti ngumu zilizopakwa siagi na kunyunyiziwa punje za anisi za rangi.

Ukiitazama vizuri, hiyo ni arobaini iliyoandikiwa mkataba. Mombasa, Unguja au Tanga mzazi halali peke yake: yuko mama, yuko shangazi, yuko mama wa kumkanda kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga hauishi jikoni. Kilimanjaro ni mtori na likizo ya kutoshika jembe. Kinachokosekana kwetu ni yule mwenye kipimo cha presha na jicho la kitaalamu. Wazazi wengi hupata homa ya uzazi au presha siku ya tatu hadi ya saba, na bibi akasema ni baridi imeingia. Ratiba ya kliniki inataka mzazi na mtoto waonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, kisha wiki ya nne na ya sita. Arobaini isiwe sababu ya kukosa miadi hizo; mfungieni kanga, mpandisheni bajaji, mpelekeni.

Marekani ndiyo inayonisikitisha. Siku mbili hospitali, kisha miadi moja baada ya wiki sita, na kati ya hapo mama yuko na mume anayerudi kazini Jumatatu. Mwaka 2021 vifo vya wazazi weusi vilikuwa 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, dhidi ya 26.6 kwa weupe, na vingi hutokea baada ya mama kuruhusiwa. Ukijifungulia huko, pesa ya kumlipia mama yako tiketi ina faida kuliko kitanda cha mtoto cha dola mia sita.

Kwa nini wengine wanabaki nyumbani hata kituo kikiwa karibu

Tusijidanganye kwamba ni ujinga. Mwanamke aliyetukanwa leba, aliyepigwa kofi la paja, aliyezaa sakafuni huku nesi akichati, mimba inayofuata ataikumbuka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuilia wazazi hospitalini kwa kushindwa kulipa bili ni kuvunja Katiba. Jambo hilo lilifika mahakamani kwa sababu lilikuwa likitendeka. Kuna vijiji vilivyotunga sheria ndogo za kumtoza faini mama aliyejifungulia nyumbani. Naona ni kosa. Aliyeogopa faini hataleta mtoto kupata chanjo, na atadanganya kwamba alizalia njiani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka kila mwanamke awe na mtu wa kumchagua mwenyewe wa kuwa naye leba. Vituo vingi vya umma bado vinakataa, vikisema hakuna mapazia. Kama una uwezo wa kuchagua kati ya vituo viwili vyenye chumba cha upasuaji, chagua kinachomruhusu dada yako aingie.

Ningekushauri nini

Uko Uholanzi, umeshazaa salama, mimba haina tatizo, hospitali iko dakika 20: nyumbani ni chaguo la heshima, na hakuna haja ya kumficha mama mkwe. Mimba ya kwanza: anza na mkunga yule yule, ila panga hospitali au kituo cha wakunga, ulipe mchango wake.

Uingereza au Ujerumani: mimba ya kwanza, kituo cha wakunga kilicho ndani ya hospitali. Ya pili na kuendelea, nyumbani ukitaka, ukijua wakunga wanaweza kukosekana.

Marekani: hospitali yenye wauguzi wakunga, au kituo cha uzazi kilichoidhinishwa na chenye makubaliano ya maandishi na hospitali. Nyumbani nisingekwenda, labda katika jimbo ambalo mkunga ana leseni na hospitali inampokea.

Kenya au Tanzania: kituoni, bila kupepesa macho. Zahanati inatosha kwa kliniki, lakini kama ni mimba ya kwanza, ya tano na kuendelea, una kovu, ni mfupi sana au presha imewahi kupanda, panga mapema kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji au hospitali ya wilaya. Mkunga wa jadi unayempenda, mlipe akusindikize.

Na yule wa Ulaya anayetaka kurudi Tanga ajifungulie kwa mama yake: inawezekana, wengi wamefanya. Beba nakala za kadi ya kliniki, vipimo vya damu na picha za mimba. Panda ndege mapema, kwani mashirika mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kabisa kuanzia wiki ya 36, na mapema zaidi kwa mapacha. Kwanza ulizia ubalozi wako utakavyomsajili mtoto, la sivyo wewe unaweza kurudi kazini na yeye akabaki akisubiri pasipoti.